Watoto Kumi na Mmoja wa Semeni

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya ukutani na kwenye ramani ya simu, sikuiona. Kwa hiyo asitokee mtu mzima na suti yake akasema namsema yeye. Mimi na yeye hatujuani, na suti yake sijaiona. Nchi yenyewe iliitwa Jamhuri ya Afadhali, kwa kuwa kila mwananchi aliyeulizwa hali alijibu "afadhali," na serikali ikachoka kutafuta jina jingine.

Katika Mkoa wa Nne wa nchi hiyo palikuwa na mkunga aitwaye Kidawa binti Makame. Mwanamke mfupi, mikono minene, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Miaka kumi na tisa wodi ya wazazi ya Hospitali ya Mkoa ilikuwa yake. Kidawa akisema "sukuma," hata mlinzi wa getini alijikuta anasukuma.

Siku moja akaletewa mama ambaye mtoto alikuwa amejilaza tumboni kiubavu, hageuki wala hashuki. Daktari Ngwali akasema apasuliwe upesi. Mama yule akagoma katakata. Alikuwa amesoma kwenye Sogoa, mtandao ambao Waafadhali walishinda humo kutwa, kwamba ukipasuliwa wanakufunga kizazi na figo moja inabaki hospitali. Kidawa alimbembeleza saa tatu nzima, mara kwa upole, mara kwa matusi madogo madogo, mpaka akakubali. Mama na mtoto waliponea chupuchupu.

"Saa tatu!" Kidawa alifoka alipofika nyumbani, hata viatu hajavua. "Mtu anakufa huku ananibishia kwa habari za Sogoa!"

"Basi na wewe nenda huko huko Sogoa ukawaambie, dada," akasema Semeni.

Semeni alikuwa mdogo wake wa pekee, tumbo moja. Alikuwa ameolewa miaka tisa bila mtoto. Dawa zote za miti shamba ameshakunywa, na masimango yote ya mawifi ameshayameza. Mwaka ule Mungu akamjalia: mimba ya miezi mitatu. Mumewe aliporudi machimboni, alihamia kwa Kidawa na mama yao ili awe karibu na hospitali. Kidawa alikuwa amemwapia mama yao mbele ya msahafu kwamba mtoto huyu atampokea yeye mwenyewe, kwa mikono yake hii miwili, na kwamba Semeni hatapata hata mkwaruzo.

Basi jikoni mle mle, Kidawa akachukua boga, akaliviringishia khanga tatu, akalikalisha juu ya meza. Semeni akashika simu na kurekodi.

"Haya, wanangu," Kidawa akaliambia boga, "hili ndilo tumbo. Daktari anapita hapa, halafu hapa, anamtoa mtoto, anashona alipopita. Figo ziko huku nyuma, hana habari nazo! Na anayesema anachukua figo, aje hapa anioneshe amezipika na nini!"

Semeni alicheka mpaka simu ikatikisika, na kicheko chake kikabaki ndani ya somo. Wakaliweka Sogoa hivyo hivyo. Neno la siri la akaunti alilichagua Semeni mwenyewe: boga.

* * *

Masomo yakaenea. Somo la pili lilieleza sindano ya ganzi ya mgongoni. Somo la tatu, dalili za hatari: kichwa kuuma kisichosikia dawa, maluweluwe machoni, uso na mikono kuvimba. "Ukiona hivyo," Kidawa alisema akinyoosha kidole hadi kikajaa kioo kizima, "usingoje mume, usingoje mkwe, usingoje chai ichemke. Njoo!" Somo la nne lilihusu kuanzishiwa uchungu, la tano kuongezewa damu. Wanawake wakayagonga moyo, alama ya Sogoa ya kusema nimependa, wakauliza maswali mamia kwa mamia, naye akamjibu kila mmoja kwa jina.

Kisha wakaanza kuja hospitali na elimu yao, na hapo ndipo ubaya ulipoanza. Mjamzito anamuuliza muuguzi, "Presha yangu ngapi?" Mwingine anauliza damu ya akiba iko wapi. Mmoja aliomba kuoneshwa chumba cha upasuaji kabla hajalala kitandani. Mganga mkuu, ambaye kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuulizwa kitu na mgonjwa, alipandwa na homa. Akaiandikia wizara barua: wajawazito wameharibika, wanajua mambo.

Watu wote walidhani Kidawa atakamatwa. Kumbe serikali ya Afadhali ilikuwa na akili kuliko hivyo. Akaja waziri mwenyewe, Mheshimiwa Mapambio, Waziri wa Uzazi, Takwimu na Furaha, pamoja na bendi ya tarumbeta na watu wa kumfutia jasho. Akasimama mbele ya wodi na kumvisha Kidawa nishani.

"Ndugu wananchi, wazazi, na mtakaozaliwa!" akaanza. "Serikali yenu sikivu, inayosikia hata yale ambayo hamjayasema, imesikia! Wataalamu wangu wamefanya utafiti wa kina kwa muda wa siku nzima, wakagundua kwamba mama aliyeelimika hujifungua salama. Sasa nauliza: kama tunajua atajifungua salama, tunasubiri nini? Miezi tisa yote ya nini? Nchi inayokimbia haina muda wa kusubiri! Kuanzia leo, mjamzito akitazama somo la Nesi Kidawa na kuligonga moyo, Mfumo wa Taifa utamwandika papo hapo: amejifungua salama! Shabaha yetu ni mioyo milioni moja kabla ya Siku ya Uzazi. Na ole wake atakayeturudisha nyuma!"

Makofi yakapigwa. Kidawa naye alipiga. Alidhani ni hotuba tu, na hotuba ngapi zimepita na watu wakaendelea kuzaa kama kawaida?

Kukawa na marekebisho madogo. Boga lilipigwa marufuku, kwa sababu boga lilikuwa nembo ya chama tawala na haliwezi kukatwa hadharani. Neno "damu" likawa "kimiminika cha uzalendo." Neno "maumivu" likafutwa bila kupewa mbadala. Kicheko cha Semeni kikaondolewa kwenye somo la kwanza na mahali pake ukawekwa wimbo wa taifa.

"Wamenikata sauti," Semeni akalalamika, akijichekea. "Sasa hata kucheka nahitaji kibali?"

"Vumilia," Kidawa akamwambia. "Muhimu wanawake wanasikia."

Na tusimfiche mtu hapa: nishani ile ilimkaa vizuri kifuani, na aliipenda.

* * *

Studio ilijengwa wapi? Ndani ya chumba cha upasuaji. Mheshimiwa alieleza kwamba kina vigae vyeupe vinavyopendeza kwenye kamera, na zaidi ya hapo kina taa. Ile taa kubwa ya duara, ambayo Daktari Ngwali aliitumia kuona anachokata, ikageuzwa ikamwangazia Kidawa usoni. Ngozi yake ilionekana nyororo ajabu. Kabati la dawa za dharura likaachwa palepale ukutani, likapambwa maua ya plastiki, likawa mandhari. Daktari Ngwali alihamishiwa stoo ya mashuka pamoja na kitanda kimoja, "kwa ajili ya wachelewaji."

Kidawa akawa anashinda studio. Somo la sita, la saba, la nane. Getini pakatundikwa ubao mkubwa wa tarakimu unaohesabu mioyo, na kila tarakimu ikipanda, king'ora kililia mara moja kwa furaha.

Akapita wodini siku moja kuchukua mkasi wake, akakuta vitanda vitupu. Vyote. Mashuka yamekunjwa.

"Wako wapi wazazi?" akauliza.

Afisa wa Mfumo, Bwana Shabaha, mtu wa makamo mwenye miwani na adabu ya kupindukia, aliinua macho kutoka kwenye kishikwambi chake. "Wameelimika, Nesi. Hongera sana. Ni kazi ya mikono yako."

Kidawa akatabasamu, lakini akavihesabu vitanda mara ya pili. Akarudi studio akafungua simu yake kusoma maoni ya wanawake, kama alivyozoea. Hapo ndipo akaona jambo ambalo alikuwa hajaliona. Alikuwepo mama mmoja aliyejiita Mama Kipepeo, kila asubuhi anaandika: "Nesi, leo wiki ya thelathini na saba." "Nesi, leo thelathini na nane." Baada ya hapo, kimya. Alikuwepo mwalimu wa Mkoa wa Sita aliyekuwa anabishana naye kila siku juu ya kunywa uji. Kimya. Kidawa akaanza kuandika majina kwenye karatasi, akajaza upande mmoja, akageuza. Kila mmoja, ukifungua ukurasa wake, juu pana utepe wa dhahabu: AMEJIFUNGUA SALAMA. Chini ya utepe hakuna picha ya mtoto wala neno la mama.

Akamfuata Bwana Shabaha na karatasi yake. "Hawa mbona hawaandiki tena?"

"Nesi wangu," Shabaha akasema kwa upole, "mtu akishajifungua ana kazi nyingi. Kunyonyesha, kufua nepi. Muda wa kuandika ataupata wapi?" Akaichukua karatasi, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwake. "Hii nitakutunzia."

Kidawa alisimama pale ukumbini, mkono mtupu. Akajiambia kesho atauliza zaidi. Kesho yake kulikuwa na kurekodi somo la tisa, keshokutwa la kumi, na kila siku taa ile ikiwashwa, mtu alikuwa anampaka poda.

* * *

Mimba ya Semeni ilifika mwezi wa nane. Adhuhuri moja, Kidawa alipokuja kula nyumbani, alimkuta mdogo wake amekaa kibarazani anacheka peke yake, simu mkononi.

"Dada, njoo uone maajabu. Nimeletewa ujumbe na serikali." Akausoma kwa sauti ya mtangazaji: "Hongera, Bi Semeni binti Makame, kwa kujifungua salama mtoto wako wa kumi na moja!"

Mama yao akashika kiuno. "Ebo! Kumi na moja?"

"Si nimegonga moyo masomo yote kumi na moja? Kila moyo mtoto. Wa kwanza wa kiume, kilo tatu na nusu. Wote wa kiume, kilo tatu na nusu!" Akalipapasa tumbo lake. "Na wewe humu ndani ni nani, mwizi?"

Wakacheka wote watatu. Kidawa alicheka kwanza, halafu kicheko kikamkauka mdomoni, kwa sababu alikumbuka vile vitanda.

"Semeni, ondoa hiyo mioyo," akasema.

"Haitoki. Nimejaribu. Inasema takwimu za taifa hazirudi nyuma." Semeni akamwangalia. "Kwani kuna nini, dada?"

"Hakuna kitu." Akala wali wake, hakuusikia ladha. Alimtazama mdogo wake uso, akaona mashavu yamejaa. Akajiambia ni mimba tu. Mkunga wa miaka kumi na tisa akajiambia ni mimba tu, jamani, kwa sababu alikuwa anaogopa.

* * *

Siku ya Uzazi ikafika. Ubao wa getini ulisoma milioni moja na arobaini elfu. Bendi ilipiga tangu asubuhi, na Mheshimiwa Mapambio alikuwa studio, taa imemwangazia, akihutubia taifa moja kwa moja hewani. Kidawa alikuwa amekaa kwenye benchi la pembeni akingoja kuitwa atabasamu, simu yake ikatetemeka. Alikuwa mama yao.

"Kidawa, tuko getini. Semeni kichwa kinamuuma tangu alfajiri, anasema anaona vimulimuli. Wanatukatalia kuingia!"

Alitoka mbio na poda yake usoni.

Nje ya geti, aliyoyaona hakuwahi kuyaona, kwa sababu yeye aliingilia mlango wa studio. Kando ya ukuta walikaa wanawake wajawazito, arobaini, pengine hamsini, juani, juu ya khanga na maboksi. Baadhi walikuwa wameshika kiuno, wengine wamelala. Hawakupiga kelele. Walikuwa wameshapiga siku za nyuma. Alipotokea, wakamtambua, na mmoja akasema polepole, "Nesi Kidawa, mimi ndiye Mama Kipepeo. Utepe ulifunga ukurasa wangu, siwezi kuandika. Leo wiki ya arobaini na mbili."

Semeni alikuwa ameegemea bega la mama yake, uso umemvimba mpaka macho yamekuwa madogo. Alipomwona dada yake akajaribu kunyanyuka.

"Nimekuja mapema, sivyo?" akasema. "Kichwa, macho, uso. Somo la tatu. Sikungoja hata chai ichemke."

"Umekuja mapema, mdogo wangu. Umefanya vizuri sana." Kidawa akageukia geti. "Bwana Shabaha, fungua!"

Shabaha akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nesi, laiti ingekuwa uamuzi wangu! Lakini Mfumo unasema huyu mama ameshajifungua. Mara kumi na moja. Anakuja kujifungua nini tena?"

"We! Huna macho? Hilo ni tumbo!"

"Tumbo nalioa... nalioa... naliona," akasema Shabaha, na kwa mara ya kwanza ulimi ulimkwaa. "Lakini tumbo halina namba, Nesi. Mfumo una namba. Nikimwingiza, nitamwandika nani? Mtu hawezi kuwa amejifungua na hajajifungua. Ila ipo njia." Akachomoa fomu kutoka chini ya meza. "Ombi la Kutojifungua. Anajaza moja kwa kila mtoto, yaani kumi na moja, anaeleza kila mtoto amekwenda wapi, anaambatanisha taarifa ya polisi ya kupotelewa. Majibu hutoka ndani ya siku tisini za kazi."

"Anakufa!"

"Hawezi kufa, Nesi." Alisema hivyo kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemfariji mwenzake. "Yuko salama. Imeandikwa hapa."

Mama yao akapiga magoti mbele ya geti, mama mzima wa miaka sabini, akashika vyuma. "Mwanangu, nakuomba kwa maziwa uliyonyonya," akamwambia Shabaha. Shabaha akaangalia pembeni. Mkono wake haukugusa komeo. Wa kumfungulia geti alikuwa yeye peke yake, naye alikuwa anamwogopa yule aliye ndani ya kishikwambi, ambaye hakuwa mtu.

Hapo Kidawa akakumbuka. Wizara ilikuwa imechukua uso wake, sauti yake na jina lake, lakini kwa haraka ya sherehe hakuna aliyekumbuka kubadilisha neno la siri. Akatoa simu. Akaandika: boga.

Somo la kwanza. Futa. Simu ikamuuliza: Una hakika? Ndiyo. Duara likazunguka, mtandao ukasuasua. Somo likapotea, na mioyo yake ikapotea nalo. Ubao juu ya geti ukatetemeka, ukashuka laki moja kwa mpigo.

"Unafanya nini?" Shabaha akapiga ukelele. "Nesi! Hao ni watoto!"

Somo la pili. Una hakika? Ndiyo. Somo la tatu, lile la dalili za hatari, lilimuuma kulifuta kuliko yote, kwa sababu lilikuwa limewaleta wanawake hawa hapa ukutani. Una hakika? Alibonyeza. Nyuma yake akasikia mama yao akilia jina la Semeni, akageuka: mdogo wake ameanza kukakamaa, macho yamepinduka, povu linatoka. Wanawake wawili wakamlaza ubavu, wakamlegeza nguo, wakamwekea khanga chini ya kichwa. Walijua la kufanya. Waliwahi kufundishwa.

La nne. La tano. Una hakika, una hakika, una hakika. La kumi na moja lilipoondoka, ubao ulisoma sifuri, king'ora kikanyamaza katikati ya mlio, na kishikwambi cha Shabaha kikawaka chekundu: WAJAWAZITO WAPYA, MILIONI MOJA NA AROBAINI ELFU. WAPOKEWE MARA MOJA.

Shabaha akasoma. Akafungua geti. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sijui aliwalilia akina nani.

* * *

Walimbeba Semeni mpaka stoo ya mashuka. Daktari Ngwali alimtazama mara moja tu. "Sindano ya kifafa cha mimba," akasema. "Na taa, Kidawa. Humu hata kidole changu sikioni."

Kidawa akaingia studio. Mheshimiwa alikuwa bado hewani, mikono ameinua. Kabati lilikuwa nyuma yake, na Kidawa akapita mbele ya kamera zote, akang'oa maua ya plastiki, akachukua dawa.

"Na huyu hapa!" Mheshimiwa akasema bila kukatika pumzi. "Nesi wetu mchapakazi, hata siku ya sherehe hapumziki! Mpigieni mioyo!"

"Naomba taa," Kidawa akasema. "Mdogo wangu anakufa. Naomba hiyo taa."

Fundi mitambo akamsogelea kwa kunyata. "Taa iko hewani, mama," akamnong'oneza. "Subiri dakika arobaini tu."

Akakimbia na dawa tu. Akina mama wa ukutani walikuwa wamejaa stoo na ukumbini, na walipoambiwa hakuna taa, kila mmoja akawasha tochi ya simu yake na kuinyoosha juu. Mama Kipepeo alikuwa mbele, mkono mmoja kwenye tumbo lake, mwingine umeshika mwanga. Daktari alipita pale, halafu pale, kama kwenye somo la kwanza. Kidawa alimpokea mtoto kwa mikono yake miwili. Alikuwa wa kike, kilo mbili na robo, akalia papo hapo.

Sindano ilikuwa imechelewa. Kifafa kilimrudia Semeni mara ya pili, kikamrudia mara ya tatu, na saa tisa alasiri akakata roho, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya dada yake. Nje bendi ilikuwa inapiga wimbo wa kufungia sherehe. Kidawa hakulia pale. Alimfuta mdogo wake uso, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akamtandaza nywele vizuri. Kilio kilimjia alipokwenda kumwambia mama yao, na kilipokuja hakikuwa na mwisho.

* * *

Wizara ilikuwa na nakala ya takwimu. Kesho yake mioyo yote ikarudishwa, ubao ukasoma kama zamani, na wanawake waliokuwa bado hawajajifungua wakarudishwa ukutani na kupewa tena hongera zao. Semeni alizikwa bila kibali cha mazishi, kwa sababu karani alipotafuta jina lake alikuta ni mama wa watoto kumi na mmoja, salama. Hakuweza kumwandikia cheti cha kifo mtu aliye salama.

Wiki iliyofuata Kidawa alipandishwa kizimbani. Shitaka lilikuwa moja: kuwapoteza watoto milioni moja na arobaini elfu wa Jamhuri, kwa kidole, mchana kweupe. Mheshimiwa Mapambio alikaa mstari wa mbele na leso nyeusi, akiwaomboleza.

"Una la kusema?" Jaji akauliza.

"Nilimfuta ili aingie," Kidawa akasema. Sauti yake, ile ya ng'ambo ya mto, ilikuwa imebaki uzi mmoja. "Nilikuwa na mdogo wangu. Alisikiliza kila neno nililomfundisha, akaja mapema. Alikuja mapema, Mheshimiwa Jaji. Na amekufa."

Mwendesha mashtaka akasimama na kishikwambi. "Semeni binti Makame. Amejifungua salama mara kumi na moja. Hakuna kumbukumbu ya kifo. Katika Jamhuri hii, tangu mpango uanze, hajafa mama hata mmoja."

Watu wakapiga makofi. Makofi yakamwamsha mtoto. Alikuwa mapajani mwa bibi yake, benchi la mwisho kabisa, amefungwa khanga ile ile iliyowahi kuvishwa boga. Akafumbua kinywa, akalia. Alilia kwa nguvu, sauti nzito isiyolingana na mwili wake, mpaka mwendesha mashtaka akasita kusoma.

Jaji akainua kichwa. "Nini hicho?"

Karani akatafuta kwenye Mfumo. Akatafuta kwa jina la mama, akapata wavulana kumi na mmoja wa kilo tatu na nusu. Akatafuta kwa tarehe. Akatafuta kwa uzito. "Mheshimiwa," akasema, "hakuna kitu."

"Andika: kelele kutoka nje," Jaji akaagiza. "Na mfunge madirisha."

Askari wakazunguka chumba kizima, wakafunga madirisha moja baada ya jingine mpaka yakaisha. Joto likapanda. Kidawa alikuwa amewageuzia mgongo Jaji na Mheshimiwa wote wawili, anaangalia benchi la mwisho, na mtoto akaendelea kulia.